Pasipoti Yangu na Wayunani wa Dakta Harith

Dakta Harith alizikwa Jumanne, na Jumatano baada ya sala ya alasiri nilikwenda msibani nyumbani kwake Al Khuwair, nikakaa upande wa wanawake, karibu na mlango, pale wanapokaa watu wasiopenda kuulizwa wao ni nani kwa marehemu. Ukumbi ulikuwa uleule niliokuwa naupiga deki nikiwa na miaka ishirini na tatu. Mazulia yamebadilishwa na kiyoyozi ni kipya, lakini kabati la vitabu liko palepale, na harufu ya ubani ni ileile. Bi Thuraya, ambaye zamani zile alikuwa mmoja wa watu wa darasa la Ijumaa na sasa ni mstaafu wa wizarani, alikuwa akiwahadithia wasichana waliomzunguka. "Yule bwana ndiye aliyetufunza nini uhuru. Wallahi siye tulikuwa hatujui kitu. Tulikuwa tunaijua khofu tu." Wasichana wakaitikia kwa vichwa, mmoja akajifuta machozi. Mimi nilikuwa nimeshika finjani ya kahawa na hasira ikanipanda. Nina miaka hamsini na mbili, nina wajukuu wawili, nina karakana yangu ya kushona mabuibui hapahapa Maskati, na nilidhani jambo hili limeniisha. Halijaniisha. Nikaitikisa finjani, ishara ya kwamba imenitosha, nikainuka na kuondoka. Waungwana wanaandika rambirambi. Mimi nitaandika yangu.

Sitapoteza muda kueleza nimezaliwa na nani wala nimefikaje Maskati. Sisi wasichana wa Kondoa tulikuwa tunafika kwa kuitana, mmoja akimvuta mwenzake, na mwaka ule zamu ilikuwa yangu. Ninachokumbuka ni uwanja wa ndege. Wenzangu wawili walipokelewa na watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, wakaondoka wamekumbatia mabegi huku wananiangalia. Mimi nikapokelewa na bwana mrefu mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya sindano, akaniambia, "Khadija? Karibu mwanangu, karibu kwenu. Umekula?" Nikalia palepale kwa furaha. Mwarabu anayesema Kiswahili kizuri kuliko mimi! Amezaliwa Unguja, mkewe Bi Zuwena naye wa Unguja, nyumbani wanasema Kiswahili asubuhi na Kiarabu wakija wageni. Nikajiona nimeokota embe chini ya mnazi. Jioni ile, baada ya kula wali wa nazi na mchuzi wa nguru, Dakta akanyoosha mkono kwa upole. "Hebu nipe hiyo pasipoti nikuwekee. Vitu hivi hupotea, kisha ikawa taabu." Nikampa kwa mikono miwili, na goti nikapiga. Akaitia katika droo ya meza yake ya kuandikia, akafunga kwa ufunguo, akaniuliza kama nimeshiba.

Mikono ile miwili nimeifikiria miaka mingi. Kama angekuwa mtu nisiyeelewana naye kwa lugha, angeniomba pasipoti kwa ishara na kwa sauti kali, nami ningeogopa, ningeuliza, ningewaambia wenzangu. Lakini huyu ameniita mwanangu. Nani anamuuliza baba yake kwa nini anamwekea kitu? Bi Zuwena alinilisha sinia moja na yeye tangu siku ya kwanza, vidole vyetu vikikutana kwenye wali, na kila mgeni alipofika aliambiwa, "Huyu si mtumishi, huyu mtoto wetu." Mimi nikavimba kichwa. Nilipokutana na wenzangu wa Kondoa siku ya Idi niliwaringia. Mpumbavu mimi. Mtumishi ana saa zake za kazi na siku yake ya kupumzika, angalau kwenye karatasi. Mtoto wa nyumba hana.

Dakta alikuwa amesoma falsafa Ulaya na alikuwa anafundisha chuoni, lakini moyo wake ulikuwa kwenye darasa la Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya alasiri walikuja watu saba au wanane, wote wa asili ya Unguja, wanaume na wanawake, wakakaa kwenye mito ukumbini na kusomeshana habari za Wayunani wa kale. Mimi nilianza kazi yao tangu asubuhi. Nilikaanga katlesi na sambusa, nilichoma mkate wa kumimina, nilipanga tende kwenye visahani, na walipokwisha kukaa nilisimama na dele, lile birika la kahawa, mkono wa kulia nina finjani, nikienda kwa mmoja mmoja. Mmimina kahawa haondoki. Lazima awaangalie watu mikono, ajue nani ameitikisa finjani na nani bado anataka. Kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilisikia kwamba mji si kuta wala majumba, ni watu wanaokubali kutawala kwa zamu na kutawaliwa kwa zamu. Nilisikia kwamba Athene walikuwa wanachagua viongozi kwa kupiga kura ya bahati, majina yanachanganywa na kuchomolewa, kwa sababu waliamini kila raia ana akili ya kutosha kuongoza wenzake. Kiongozi akimaliza muda wake alisimamishwa mbele ya watu akajibu: umefanya nini na cheo chetu? Na mtu asiyejishughulisha na mambo ya mji wake walimwona si mpole bali hana faida.

Nilizipenda habari zile, siwezi kusema uongo. Nilikuwa nakanda unga huku nazirudia kimoyomoyo. Dakta akinikuta jikoni alinichokoza, "Haya, Khadija, leo mji wetu unatawaliwa na nani?" Namjibu, "Na aliyeshika mwiko, Baba." Anacheka mpaka miwani inamtoka. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linalonikera zaidi kuliko yote. Hakunipiga, hakunitukana, hakunitazama vibaya hata siku moja. Nikiugua aliniletea dawa mwenyewe. Kama angekuwa mbaya ningemchukia nikamaliza, nikaendelea na maisha yangu.

Mwezi wa Rajabu kaka yangu alipiga simu. Mama alikuwa na uvimbe tumboni, wamempeleka Dodoma wamerudishwa, na alikuwa ananiulizia. "Njoo," kaka alisema, "usingoje." Nilimwendea Bi Zuwena siku ileile. Akasikitika kweli, akanishika mikono, akasema tumwombee dua. Kuhusu safari akasema nimwone Baba. Baba akasema, "In shaa Allah, mwanangu. Acha tutazame." Wiki ya pili nikauliza tena, akasema, "Shaaban imeingia, na Mama yako Zuwena miguu inamuuma. Ramadhani ikipita utakwenda, na zawadi utachukua." Wiki ya tatu nikauliza kama anaweza kunipa pasipoti tu, nikae nayo mwenyewe, tiketi nitaitafuta kwa wenzangu. Alinitazama kama nimemvunjia kikombe. "Khadija, kwani umeona nini kwetu?" Nikajibu sijaona kitu. Nikaomba radhi. Niliomba radhi kwa kuomba kilicho changu.

Sasa Ijumaa ya katikati ya Shaaban, Dakta akaja na wazo jipya. Akawaambia wanadarasa, "Tumezisoma habari za kura miezi mitatu. Leo tuzifanye. Msimamizi wa baraza hatakuwa miye. Tutachomoa jina, na atakayetoka ndiye atakayechagua suala, atakayetoa ruhusa ya kusema, na mwisho tutapiga kura kama wao." Wakafurahi kama watoto wa madrasa. Mhandisi Khalfan, bwana mnene mwenye mzaha, akaandika majina kwenye vikaratasi, kisha akaniona nimesimama na dele. "Na Khadija je? Au Wayunani watakasirika? Kwao mwanamke hasemi, mgeni hasemi, mtumwa ndiyo kabisa." Watu wakacheka. Dakta hakucheka. Alisimama, akachukua kikaratasi, akaandika jina langu kwa mkono wake. "Hapo ndipo tutakapowashinda Wayunani," akasema. "Katika nyumba hii, kila anayekunywa maji yake ana jina lake bakulini." Wakampigia makofi. Hata mimi nilisisimka, na bado nakumbuka nilivyojivuta wima.

Bi Thuraya akaingiza mkono bakulini, akatoa jina langu.

Wakashangilia. Dakta akanipokonya dele, akanikalisha kwenye mto wake mwenyewe, akakaa chini pembeni. "Msimamizi, tuongoze. Suala lako nini?" Nilikuwa na kanga begani na unga kwenye kucha. Nikafikiri: mtu huyu amefundisha miezi mitatu kwamba aliyekaa hapa husikilizwa. Basi leo atanisikiliza. Nikasema, "Suala langu ni hili. Mtu ambaye pasipoti yake iko mkononi mwa mwingine, na hawezi kusafiri mpaka yule mwingine atake, je, huyo mtu ni huru au si huru?"

Wote wakashusha finjani zao. Nikadhani wameelewa. Bi Zuwena, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono kuomba ruhusa, nami nikampa. Akaanza kusema huku sauti inamkatika. "Miye nna la kusema hapa. Baba yangu alitangulia kuja huku, akaugua hapa Mutrah. Miye niko Unguja, msichana. Kila wiki nakwenda kuomba pasipoti. Kila wiki naambiwa, njoo wiki ijayo. Yule afisa hakunitukana hata siku moja, akinichekea tu. Njoo wiki ijayo. Mpaka ikaja simu ya upepo kwamba baba kafa. Sijamwosha, sijamwona, kaburi lake nimelijua baada ya miaka minne." Akalia. Bi Thuraya akamkumbatia, akaeleza habari ya kaka yake. Khalfan akaacha mzaha, akasema jinsi mama yake alivyoficha karatasi zao kwenye gunia la mchele. Saa nzima walisema. Kila mmoja alikuwa na pasipoti yake iliyoshikwa na mtu, na kila mmoja alikuwa na maiti yake ambayo hakuizika. Mimi msimamizi nikatoa ruhusa kwa huyu na kwa yule, nikangoja mmoja wao ageuze macho anitazame. Dakta alisema wa mwisho. Alivua miwani. "Mtu akikushikia pasipoti kakushika shingo," akasema. "Hata kama mkono wake laini."

Tukapiga kura. Nilikuwa nimepanga: kokwa ya tende kwa anayesema huyo mtu ni huru, punje ya dengu kwa anayesema si huru, kila mtu atie ngumi kwenye mtungi mtu asione. Nikamwaga mtungi kwenye sinia mbele yao. Punje nane za dengu, kokwa hakuna hata moja. Wanane wote, na Dakta akiwamo. Makofi yakapigwa, wengine wanafuta machozi, Bi Zuwena ananitazama kwa upendo kana kwamba nimempa zawadi. Na ndipo nikaelewa kwamba hakuna hata mmoja, katika watu wanane waliosoma vitabu vyote vile, aliyefikiri nimeuliza habari zangu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nikasema, "Pasipoti niliyoiulizia ni yangu, Baba. Iko kwenye droo ile."

Makofi yalikatika. Mtu akakohoa. Dakta alivaa miwani yake taratibu, na aliposema hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na huruma, ile anayokuwa nayo mwalimu mwanafunzi akikosea hesabu nyepesi. "Hiyo siyo ile, mwanangu. Siye tulishikwa na serikali. Wewe hukushikwa, wewe umewekewa. Kuna mtu na dola yake, na kuna mtoto na wazee wake. Hata Wayunani walipambanua baina ya mji na nyumba." Vichwa vikaanza kuitikia, kimoja kimoja, na niliona pumzi zikiwarudia. Nikasema, "Mama yangu anaumwa." Bi Thuraya akasema, "Maskini, Mungu amponye," akatazama saa. Kisha Khalfan akawaokoa wote. "Lakini yakhe, msimamizi lazima atoe jawabu akimaliza cheo! Huyu katumia kiti cha umma kwa jambo lake la nafsi. Athene wangemfukuza mjini miaka kumi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kicheko kikubwa cha watu waliotolewa mzigo. Na mimi, kwenye mto wa Dakta, nikawaza: si ndicho ninachokiomba? Nifukuzeni basi. Nifukuzeni leo hii.

Sikulisema. Niliinuka nikachukua dele, kwa sababu finjani zilikuwa tupu na watu walikuwa wananyoosha mikono. Hilo nalo najilaumu. Sasa, nikikumbuka, natamani ningeukalia ule mto mpaka polisi waje. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilikuwa nimelelewa kwamba mgeni hakai na finjani tupu. Nikamimina kwa mmoja mmoja. Mmoja mmoja wakaitikisa, bila kunitazama usoni, wakaaga.

Jikoni Bi Zuwena alinifuata. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kumlilia baba yake. "Umetufedhehi mbele ya watu, Khadija. Tumekukosea nini?" Nikamwambia, "Mama, wewe umesema leo mwenyewe. Njoo wiki ijayo." Niliona neno likimfika. Lilimfika, naapa, nililiona likimfika usoni, na mkono wake ukashika ukingo wa meza. Kisha akachukua sahani za katlesi zilizobaki akaanza kuzifunika. "Ramadhani ikipita," akasema. "Nani atapika futari?" Dakta nilimsamehe mara kadhaa kisha nikajitengua. Mkewe sijamsamehe hata mara moja, kwa sababu Dakta alikuwa anajua uhuru kwa vitabu, na Bi Zuwena aliujua kwa kaburi la baba yake.

Baada ya pale Wayunani waliendelea Ijumaa mbili zaidi, kisha darasa likafungwa kupisha mfungo. Jina langu halikutiwa tena bakulini na hakuna aliyelitaja. Nilifunga, nikapika. Visahani vya futari nilivipeleka kwa jirani wote, sambusa, vitumbua, uji wa pilipili manga, na jirani wakasema Dakta amejaaliwa mtoto. Tarehe sita Ramadhani, adhuhuri, nilikuwa nachuja tui la nazi, simu ya ukumbini ikalia. Bi Zuwena akapokea. Nilisikia anasema, "Inna lillahi," nikaacha kitambaa cha kuchujia kikaanguka ndani ya tui.

Sasa ndipo ukarimu ulipofunguka. Dakta alirudi kutoka chuoni mbio, na tiketi akaipata siku ileile, ya kesho yake asubuhi. Siku ileile! Bi Zuwena alinifungia begi kwa mikono yake, akatia halua, kanga mpya, na vitenge kwa shangazi zangu. Hakuna aliyeuliza futari itapikwa na nani. Dakta akanipeleka mwenyewe uwanja wa ndege, kafunga saumu, macho yamemvimba kwa kulia, maana alilia kweli, alimlilia mama yangu ambaye hakupata kumwona. Pale mlangoni akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa pasipoti yangu akanikabidhi. "Shika, mwanangu. Unaona? Iko salama. Nlikwambia nakuwekea."

Ilikuwa haina hata mkunjo. Nilifika Kondoa mama ana siku tatu kaburini, na udongo wake ulikuwa umeshaanza kukauka juu. Kaka hakuniuliza kwa nini nimechelewa, aliniachia nafasi nikae. Miaka sita baadaye nilirudi Maskati kwa mkataba niliousoma mstari kwa mstari, na watu huniuliza nimewezaje kurudi. Hilo si gumu. Kuna jambo moja tu la mwaka ule ambalo sijaweza kulikaribia bila kutaka kupasua kitu, na si la Dakta wala la mkewe. Ni la pale mlangoni, aliponipa. Niliipokea kwa mikono miwili. Nikapiga goti mbele ya watu wote wanaosukuma mabegi, nikambusu mkono, nikamwambia, "Asante, Baba. Mungu akulipe." Na nilikuwa nasema kweli.